Kura kwa maana yake ya kwanza: Waathene na jiwe la kupatia waamuzi

Ninapoanza kufundisha siasa za Athene ya kale, huanza na neno ambalo kila mwanafunzi anaamini analijua: kura. Tumelitoa kwenye Kiarabu, na kabla ya kuwa karatasi ya kutumbukizwa sandukuni, lilikuwa jambo la bahati. Mabaharia walipiga kura, ikamwangukia Yona. Shika maana hiyo ya zamani, nayo itakufikisha Athene ya karne ya 4 KK.

Viongozi wengi wa mji ule hawakuchaguliwa. Walipatikana kwa kura ya namna hiyo. Baraza lilikuwa na watu 500, 50 kutoka kila kabila kati ya makabila 10. (Makabila hayo hayakuwa ya damu. Kleisthenes, mwanasiasa wa Athene, aliyapanga upya karibu mwaka 508 KK, akachanganya watu wa mjini, wa pwani na wa bara ili koo kubwa zipoteze ngome zao.) Aliyefikisha miaka 30 aliweza kuingia, ila si zaidi ya mara mbili maishani. Majemadari 10 walichaguliwa kwa kuinuliwa mikono, kwa kuwa vita vinataka ujuzi.

Aristotle aliandika kwamba kugawa vyeo kwa bahati ni jambo la kidemokrasia, na kuchagua ni jambo la utawala wa wachache. Wanafunzi hushtuka. Mimi namwona ana haki: anayechaguliwa ni anayejulikana, na anayejulikana mara nyingi ni mwenye mali, ukoo au ulimi mtamu.

Mahakamani ndiko ustadi wao ulikofikia kilele. Kila mwaka watu 6,000 waliandikishwa kuwa waamuzi, lakini hakuna aliyejua kesi atakayoisikiliza. Asubuhi ya siku ya kesi kila mmoja alifika na kibao chake kidogo chenye jina lake, la baba yake na la kitongoji chake. Vibao vilichomekwa kwenye jiwe lililosimamishwa, kleroterio, lenye safu za nyufa nyembamba kutoka juu hadi chini. Ubavuni palikuwa na mrija uliotiwa vidude vyeupe na vyeusi vilivyochanganywa. Kikitoka cheupe, mstari mzima wa vibao unaingia kazini. Kikitoka cheusi, wenye mstari huo wanarudi nyumbani. Kipande cha jiwe la aina hiyo kipo hadi leo katika makumbusho ya Agora, uwanja wa soko wa Athene ya kale.

Haikuishia hapo. Aliyepita alichota kitufe chenye herufi ya mahakama yake, akapewa fimbo yenye rangi iliyofanana na ile iliyopakwa juu ya mlango wa mahakama hiyo. Asingeweza kujipenyeza kwingine. Ukitaka kuhonga, utamhonga nani, wakati waamuzi wenyewe wamejulikana alfajiri ile? Hata uamuzi ulilindwa: kila mmoja alipewa visahani viwili vya shaba, kimoja kwa kila upande wa kesi: kimoja chenye kijiti kilichotobolewa katikati na kingine chenye kijiti kizima. Ukiziba ncha kwa vidole, jirani yako haoni unachotumbukiza.

Bahati haikuachwa peke yake. Aliyepata cheo alihojiwa hadharani kabla ya kukishika: baba yako ni nani, makaburi ya ukoo wenu yako wapi, unawatunza wazazi wako vizuri, umelipa kodi, umekwenda vitani? Muda wake ukiisha alitoa hesabu za fedha alizoshika.

Wanawake, watumwa na wageni wakazi hawakuwa na kibao. Mwaka 451 KK Perikles, kiongozi mashuhuri wa mji, alibana zaidi: uraia ukawa wa aliyezaliwa na baba na mama wote Waathene. Kwa hiyo ninaposema "wananchi", nasema juu ya sehemu ndogo ya watu walioishi pale, na hilo silipiti haraka darasani.

Vibao vya shaba vya karne ya 4 vimefukuliwa kwa wingi. Vingine vina jina lililoandikwa juu ya jina lililofutwa, kwa sababu vilirudishwa na kupewa mtu mwingine. Na vingi vimepatikana makaburini, mwenyewe amezikwa nacho.