Je, wajua kwa nini nahodha wa Korea Kusini alisugua benchi Arsenal karibu miaka mitatu?

Mwishoni mwa Agosti 2011, mshambuliaji mmoja wa Korea Kusini alikuwa amefikia hotelini mjini Lille, kaskazini mwa Ufaransa. Lille walikuwa wametoka kubeba ubingwa wa Ufaransa, tiketi ya Ligi ya Mabingwa Ulaya wanayo mkononi, na makubaliano naye yalikuwa yamekaribia kukamilika. Vipimo vya afya alishaanza. Kabla hajavimaliza, simu ikaita kutoka London. Viongozi wa Lille walipomtafuta ili kazi iishe, kijana hayupo hotelini.

Tarehe 30 Agosti Arsenal wakatangaza kwamba wamemsajili Park Chu-young, miaka 26, nahodha wa timu ya taifa ya Korea Kusini. Wakampa jezi namba 9.

Mkataba wake na Washika Bunduki hao uliisha Juni 2014. Katika muda wote huo aliichezea Arsenal mechi saba na kufunga bao moja. Kwenye Ligi Kuu ya England alicheza mechi moja tu, tena kwa kuingia dakika za mwisho.

Jibu ambalo wengi hulitoa haraka ni kwamba kiwango hakuwa nacho, au kwamba alinunuliwa ili jezi ziuzwe Asia. Mimi jibu hilo nalikataa, na wanaomkumbuka Durban mwaka 2010 watanielewa. Korea na Nigeria, mechi ya mwisho ya makundi ya Kombe la Dunia, ubao unasoma 1-1. Kipindi cha pili kilikuwa hakijachangamka vizuri Park alipopiga frikiki iliyozunguka ukuta wa Nigeria na kulala wavuni. Mechi iliisha 2-2, Nigeria ikafungasha virago, na Korea ikavuka makundi kwa mara ya kwanza nje ya ardhi yake. Sisi tuliokuwa tunaishangilia Nigeria hatukulisahau jina lake. Pale Monaco, klabu aliyotokea, kwa misimu mitatu, alifunga mabao 25 katika mechi 91 za ligi ya Ufaransa. Mtu wa namna hiyo hasahau kufunga kwa sababu amevuka mlango wa bahari wa kilomita chache.

Basi tuanze na siku aliyosajiliwa. Siku mbili kabla, tarehe 28 Agosti, Arsenal walikuwa wamechapwa 8-2 na Manchester United pale Old Trafford. Cesc Fabregas alishaondoka kwenda Barcelona, Samir Nasri kwenda Manchester City. Dirisha la usajili lilikuwa linafungwa tarehe 31, na ndani ya saa chache klabu ikawaingiza Park, Per Mertesacker, Mikel Arteta, André Santos na Yossi Benayoun. Ulikuwa usajili wa nyumba inayoungua. Lakini katika nyumba ile, vyumba vilivyokuwa vinawaka moto ni ulinzi na kiungo. Mertesacker na Arteta walianza mechi ya ligi iliyofuata, dhidi ya Swansea tarehe 10 Septemba, kwa sababu nafasi zao zilikuwa wazi zikiwasubiri. Nafasi ya mshambuliaji wa kati ilikuwa na mwenyewe.

Mwenyewe huyo ni Robin van Persie. Kocha Arsène Wenger alikuwa anapanga mshambuliaji mmoja katikati na mawinga wawili, Theo Walcott huku na Gervinho kule. Kwa hiyo kiti kilikuwa kimoja. Na Van Persie, ambaye miaka yote iliyotangulia alikuwa haishi majeraha, msimu ule wa 2011-12 alicheza mechi zote 38 za ligi na kufunga mabao 30. Hakukosa hata moja.

Nadhani hapa ndipo jibu lilipo, nusu yake au zaidi. Park alinunuliwa kama spea. Historia ya Van Persie ilisema lazima ataumia, na akiumia atahitajika mtu. Spea unaibeba safari nzima ukiomba usiitumie, na mwaka ule Arsenal waliomba wakajibiwa. Tukumbuke pia kwamba kocha wa wakati ule aliruhusiwa kuweka wachezaji saba tu benchi na kubadilisha watatu. Leo benchi lina tisa na anaweza kuingiza watano. Kwa kanuni za leo, timu ikiongoza mabao mawili, mshambuliaji wa pili anapewa dakika ishirini bila mtu kujiuliza. Mwaka 2011 mabadiliko matatu yalitunzwa kwa ajili ya beki aliyepata kadi, kiungo aliyechoka, na winga wa kuja kubadili mchezo. Park hata kwenye wale saba mara nyingi hakuwamo, maana mbele yake alikuwepo pia Marouane Chamakh wa Morocco.

Lakini spea nayo huwa na siku yake ya kujaribiwa. Park alipewa Kombe la Ligi. Tarehe 25 Oktoba 2011, nyumbani Emirates, dhidi ya Bolton, Andrey Arshavin alimpenyezea pasi upande wa kushoto. Akaupokea mpira, akauzungusha kwa mguu wa kulia hadi kona ya mbali. Lilikuwa bao la ushindi, 2-1, bao la mtu anayejua kazi yake. Wiki iliyofuata, tarehe 1 Novemba, Wenger akamwanzisha kwenye Ligi ya Mabingwa dhidi ya Marseille, timu aliyoifahamu vizuri tangu Ufaransa. Mechi ikaisha 0-0. Park hakuonekana, na kipindi cha pili akatolewa, akaingia Van Persie.

Mechi ile moja ilimgharimu. Nimeshawaona wachezaji wakubwa wakicheza vibaya mechi nne mfululizo na ya tano wakapangwa, kwa sababu kocha ana kumbukumbu zao. Mgeni hana akiba hiyo. Kwa mgeni, mechi moja mbaya ndiyo kumbukumbu yote aliyonayo kocha, na nafasi ya kuifuta haiji mpaka atakapopangwa tena. Ukikosa namba unakosa dakika, ukikosa dakika mwili unapoteza kasi ya mechi, na ukiingia ukiwa umepoteza kasi unaonekana kweli hufai namba. Mazoezi hayawezi kuliziba pengo hilo hata ufanye mara mbili kwa siku. Kwenye mazoezi hakuna beki anayekutafuta kwa hasira.

Januari 2012 ndiyo iliyoniuma kuliko zote, na inatuhusu Waafrika kwa namna yake. Chamakh na Gervinho waliitwa kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika kule Gabon na Guinea ya Ikweta. Washambuliaji wawili wametoka kwa mkupuo. Kama kuna wakati mlango ulikuwa umfungukie Park, ni huo. Badala yake Wenger akamrudisha Thierry Henry kwa mkopo kutoka New York Red Bulls, akiwa na miaka 34, na katika mechi yake ya kwanza, Kombe la FA dhidi ya Leeds, Henry akafunga bao la ushindi. Uwanja mzima ulilia kwa furaha. Nani angemlaumu kocha? Lakini jiweke kwenye nafasi ya yule Mkorea aliyekaa miezi minne akisubiri wawili waliokuwa mbele yake waondoke. Tarehe 22 Januari, dhidi ya Manchester United, Park aliingizwa dakika za mwisho Arsenal ikiwa inafungwa 2-1. Haikusawazisha. Hiyo ndiyo Ligi Kuu yake yote.

Kuna jambo la pili, nalo ni safari. Wakati ule, mchezaji asiye raia wa Umoja wa Ulaya alihitaji kibali cha kazi ili acheze England, na kanuni ilitaka nchi yake iwe ndani ya 70 bora za FIFA kwa wastani wa miaka miwili, na yeye mwenyewe awe amecheza asilimia 75 ya mechi za mashindano za timu ya taifa. Wakenya wanaijua kanuni hiyo kwa uchungu. Ndiyo iliyomzuia McDonald Mariga kujiunga na Manchester City Januari 2010, kwa kuwa Kenya ilikuwa chini mno kwenye orodha, ikabidi aende Inter Milan. Korea ilikuwa juu, Park alikuwa nahodha, na kibali alikipata. Lakini ufunguo uliomfungulia mlango ndio huo huo uliokuwa ukimtoa nje. Siku tatu tu baada ya kutangazwa Arsenal, tarehe 2 Septemba, alikuwa Goyang, jirani na Seoul, akiifungia Korea mabao matatu katika ushindi wa 6-0 dhidi ya Lebanon. Siku nne baadaye alikuwa Kuwait. Oktoba akaitwa tena, Novemba tena, na alizidi kufunga. Wenzake waliobaki London walikuwa wanazoeana, wanajua nani anapenda pasi ya mguuni na nani ya kukimbilia. Yeye alikuwa angani kwenye safari ya ndege inayochukua muda wa saa kumi na moja, akirudi na usingizi wa nchi iliyo saa nane au tisa mbele.

Na juu ya yote lilikuwepo jeshi. Mwanamume wa Korea Kusini mwenye afya ni lazima alitumikie jeshi, na wakati ule ilikuwa karibu miaka miwili. Mwanamichezo husamehewa kwa medali yoyote ya Olimpiki au dhahabu ya Michezo ya Asia. Hapo hubakiwa na mafunzo ya wiki chache na kazi za kujitolea. Park hakuwa na medali hizo. Mapema 2012 ikajulikana kwamba alikuwa amepata ruhusa ya kuahirisha jeshi kwa miaka kumi kupitia ukaazi wake wa Monaco. Kisheria ilikuwa sawa, lakini nyumbani watu waliwaka. Akaachwa nje ya timu ya taifa. Kwa hiyo ndani ya mwaka mmoja mtu huyu hakuwa na namba London wala amani Seoul.

Kocha wa timu ya Olimpiki, Hong Myung-bo, alikaa naye mbele ya waandishi Juni 2012 na kusema kwamba Park asipokwenda jeshini, atakwenda yeye kwa niaba yake. Akamchukua kama mmoja wa watatu waliozidi umri wa miaka 23. Tarehe 10 Agosti 2012, Cardiff, mechi ya kutafuta medali ya shaba dhidi ya Japani, Park aliuchukua mpira karibu na nusu ya uwanja, akawapita mabeki, akafunga. Korea 2, Japani 0. Jeshi likamalizika kwa bao hilo, katika Uingereza ile ile ambako klabu yake haikumpa nafasi.

Kwa Arsenal hilo halikubadili kitu. Jezi namba 9 akapewa Lukas Podolski, na Park akapelekwa Celta Vigo ya Hispania kwa mkopo. Aliporudi alicheza mechi moja tu zaidi, dakika chache dhidi ya Chelsea kwenye Kombe la Ligi, Oktoba 2013. Januari 2014 akaenda Watford kwa mkopo, mechi mbili. Kisha Hong, aliyekuwa sasa kocha wa timu ya taifa ya wakubwa, akampeleka Kombe la Dunia Brazil. Huko ndiko benchi lilipodai deni lake: alianza mechi mbili za kwanza bila bao, na ya pili Algeria waliifunga Korea 4-2. Miguu ilikuwa mizito. Si miguu ya Durban.

Mtu atauliza, mbona Mkorea mwenzake Son Heung-min aliweza? Son naye karibu aondoke. Msimu wake wa kwanza Tottenham, 2015-16, alifunga mabao manne tu kwenye ligi, na kiangazi cha 2016 alimwendea kocha Mauricio Pochettino akimwambia anataka kurudi Ujerumani. Akabaki. Septemba Son akapangwa, akafunga, kisha mshambuliaji wa kati Harry Kane akaumia kifundo cha mguu, Son akazidi kufunga, na akawa Mwasia wa kwanza kutwaa tuzo ya mchezaji bora wa mwezi ya Ligi Kuu. Nyuma yake kiungo cha kukaba alikuwepo Victor Wanyama wetu. Kilichomsaidia Son, ukiacha kipaji, ni kwamba anacheza kushoto, kulia na katikati, kwa hiyo alikuwa na milango mitatu ya kuingilia, na alikuwa Ulaya tangu ana miaka 16. Mbele yake mshambuliaji wa kati aliumia. Van Persie hakuumia.

Park alipita Saudi Arabia kidogo, kisha mwaka 2015 akarudi FC Seoul, klabu iliyomlea. Novemba 2016, siku ya mwisho ya ligi ya Korea, Seoul walikwenda Jeonju kuwakabili Jeonbuk. Timu zote mbili zilikuwa na pointi sawa na wenyeji walihitaji sare tu. Kocha wa Seoul alimwacha Park benchi, kisha kabla ya mapumziko akamwingiza. Kipindi cha pili akapenya upande wa kulia, akapiga. Bao likawa moja tu mpaka mwisho, na Seoul wakawa mabingwa.