Utafiti wa afya Tanga: yanayosemwa na yaliyotokea

"Watafiti huja kuchukua damu zetu, kisha tusiwaone tena."

Hofu hii haifai kubezwa, kwani wapo waliotolewa damu na wasirudishiwe hata neno moja. Lakini tazama sindano ya malaria kali. Zamani mtoto aliyelazwa alitundikiwa dripu ya kwinini, saa kadhaa kila dozi, huku muuguzi akihofia sukari isije ikashuka. Hospitali za Muheza na Korogwe zikaingia katika jaribio la nchi 9 za Afrika, watoto 5,425, kulinganisha kwinini na atesuneti, dawa ya sindano. Majibu yalitoka mwaka 2010: kwenye kwinini walifariki asilimia 10.9, kwenye atesuneti 8.5. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likaelekeza watoto wenye malaria kali watibiwe kwa atesuneti. Mtoto anayechomwa sindano hiyo leo Pangani au Lushoto anafaidi walichotoa watoto wale.

"Utafiti ni kujaribu dawa mpya tu."

Hapa nataka tutulie kidogo. Mtoto akifikishwa na homa kali, anahema kwa shida, mikono na miguu imepoa, mafunzo yalisema apewe maji mengi ya mshipani kwa haraka. Karibu kila daktari aliamini yanaokoa. Hospitali 6 za Kenya, Uganda na Tanzania, ikiwemo Teule ya Muheza, zikaipima imani hiyo. Januari 2011 uandikishaji ulisimamishwa watoto wakiwa 3,141, kwa sababu waliopewa maji ya haraka walikuwa wakifariki zaidi: ndani ya saa 48, takriban 10.5 kwa kila mia, dhidi ya 7.3 kwa wasiopewa. (Wenye kuharisha na utapiamlo mkali hawakuwamo, mtoto anayeharisha asinyimwe maji kwa sababu ya habari hii.) Jibu hilo lilihitaji wodi zisizo na chumba cha wagonjwa mahututi, kama zetu. Lilihitaji pia wauguzi wa kumtazama mtoto saa baada ya saa, na wazazi waliokubali kwa mdomo mtoto akiwa hoi, maelezo kamili na kutia saini vikafuata baadaye.

"Matokeo yakichapishwa, kazi imekwisha."

Bado kabisa. Dawa lazima iingie kwenye mwongozo wa taifa, Bohari ya Dawa iinunue, ifike wodini. Kisha muuguzi wa zamu ya usiku ajue kwamba unga wa atesuneti huyeyushwa kwanza kwa bikaboneti ndipo uzimuliwe, na kwamba mtoto wa chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kila kilo, si 2.4 kama mkubwa. Asipofundishwa, jaribio zima linaishia kabatini. Ndiyo maana muuguzi na mfamasia wa wilaya wanatakiwa kukaa meza moja na watafiti tangu swali linapoandikwa. Kuwaita siku ya semina ya matokeo ni kuchelewa.

"Ukishasaini huwezi kujitoa."

Unaweza, siku yoyote, na matibabu yako ya kawaida yanaendelea. Kabla ya kusaini, uliza kama utafiti umepata kibali cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu), sampuli zitapelekwa wapi, na nani atarudi kuwaeleza majibu.