Je, wajua wimbo huingiaje ndani ya mwingine bila kukatika?

Pita kwenye kinyozi pale Kondele, Kisumu, jioni ya Jumamosi, utege sikio kwenye spika badala ya mazungumzo. Rumba inaelekea ukingoni, gitaa linafifia, na kabla halijaisha ngoma za wimbo mwingine zinaanza kupanda chini yake. Kwa sekunde kadhaa nyimbo mbili zinalia pamoja, kisha ule wa kwanza unatoweka. Hakuna DJ hapo. Simu iko kwenye chaji juu ya kaunta na mwenyewe anamnyoa mteja.

Kazi hiyo inafanywa na mpangilio uitwao krosifedi. Kwenye Spotify unaupata katika mipangilio ya uchezaji, na unaweza kuusogeza hadi sekunde 12. Apple waliuweka kwenye iPhone kupitia iOS 17 mwaka 2023, nao unafika sekunde 12 vilevile. Redio nyingi za gari zinazosoma flashi hazina kitu hicho: faili inaisha, redio inafungua nyingine, na katikati abiria wa Busia anasikia injini peke yake.

Sasa, ndani ya simu kinatokea nini? Muziki wa dijitali ni namba tupu. Kwa kiwango cha CD, kila sekunde ina namba 44,100 kwa spika ya kushoto na nyingine 44,100 kwa ya kulia, na kila namba, kati ya -32,768 na 32,767, inasema wimbi la sauti limefika wapi juu au chini. Krosifedi inapoanza, programu inacheza faili mbili kwa wakati mmoja. Namba ya wimbo unaotoka inazidishwa kwa kiwango kinachoshuka kutoka 1 kwenda 0, ya wimbo unaoingia inazidishwa kwa kiwango kinachopanda kutoka 0 kwenda 1, halafu mbili hizo zinajumlishwa. Krosifedi ya sekunde 5 ni hesabu hiyo mara 220,500 kwa kila spika. Inafanyika kwenye simu yenyewe kabla sauti haijatumwa, kwa hiyo spika ya bluetooth haijui kwamba kulikuwa na nyimbo mbili. Inapokea sauti moja iliyokwisha kuchanganywa.

Hesabu hiyo ina mtego mmoja ambao mimi naona ndio utamu wa jambo hili lote. Mtu angedhani katikati ya safari kila wimbo uwe kwenye 0.5, maana nusu na nusu ni nzima. Ukifanya hivyo, muziki unazama. Nguvu ya sauti hupatikana kwa kuzidisha kimo cha wimbi kwa chenyewe: 0.5 mara 0.5 ni 0.25, na nyimbo mbili za namna hiyo zinakupa 0.5 tu. Nusu ya nguvu imepotea, yaani desibeli 3, na sikio linasikia pale katikati kana kwamba mtu amepunguza sauti kisha akairudisha. Sababu ni kwamba nyimbo mbili tofauti hazipandi na kushuka pamoja. Mara mawimbi yao yanasaidiana, mara yanakatana, kwa hiyo kinachojumlika ni nguvu, si vimo.

Dawa yake ni kuacha mstari mnyoofu na kutumia mstari unaojipinda, ili katikati kila wimbo uwe kwenye 0.71 hivi. 0.71 mara 0.71 ni kama 0.5, na 0.5 mbili zinafanya 1. Nguvu inabaki ileile kuanzia mwanzo wa makutano hadi mwisho. Mstari mnyoofu una mahali pake pia: ukiunganisha nakala mbili za rekodi ileile, mawimbi yanapanda pamoja, na hapo 0.5 na 0.5 ndiyo sahihi. Bei ya mstari uliojipinda ni kwamba nyimbo mbili zenye kelele zikigongana vilele vyake, jumla inaweza kuvuka ile 32,767, na sauti inaanza kukwaruza. Ndiyo maana programu nzuri huacha nafasi kidogo juu, au hubana vilele kabla havijafika dari.

Tukirudi ukanda wetu wa ziwa, nina neno na wale wanaosukuma krosifedi hadi sekunde 12 na kuiacha hapo. Muziki wa huku hautoi utamu wake wote mapema. Benga ilikua pale vijana wa Kijaluo, kwenye miaka ya 1950 na 1960, walipohamishia kwenye gitaa mdonoo wa nyatiti, ile ala ya nyuzi nane. Mwimbaji anasimulia, anasifu, anataja majina ya watu, kisha ananyamaza na gitaa linachukua uwanja. Rumba ya Kongo ina sebene yake, ile sehemu ya gitaa la kasi ya kuchezea, nayo huja baadaye. Sekunde 12 za mwisho za nyimbo kama hizi ndizo watu waliinuka vitini kuzichezea. Krosifedi ndefu inazifunika kwa utangulizi wa wimbo mwingine ambao bado haujapata joto. Napendekeza sekunde 2 au 3, zisizidi.

Kuna tatizo jingine kwa wanaokusanya benga ya zamani. Santuri za mizunguko 45 kwa dakika zilibeba dakika chache tu kila upande, kwa hiyo wimbo mrefu uligawanywa: sehemu ya kwanza upande wa A, ya pili upande wa B. Upande wa A ukiwa umefifishwa studioni gitaa likiendelea, tayari una kushuka kwake ndani ya rekodi. Programu haijui hilo. Inaushusha tena: pale ambapo rekodi imefika nusu na krosifedi imefika 0.71, unabaki na 0.35 hivi. Kama sehemu ya pili nayo inaanza polepole, unapata shimo katikati ya wimbo mmoja. Na ukiwa umewasha uchezaji wa kuchanganya nyimbo ovyo, sehemu ya pili haitafuata kabisa.

Krosifedi ya kawaida haisikilizi mapigo pia. Ohangla ya kasi, ule muziki wa ngoma wa Kijaluo, ikikutana na wimbo wa taratibu, ngoma zitapishana mpaka mmoja uondoke. DJ wa kweli analinganisha kasi kwa mkono na sikio. Apple walileta mwaka 2025 AutoMix inayojaribu kufanya hivyo yenyewe. Sherehe ya vijana pale Milimani inaweza kuvumilia sekunde 6 au 8 ikiwa nyimbo zote ni za kucheza na zina kasi inayokaribiana.

Rekodi za jukwaani na za ibada zinataka kitu tofauti: uchezaji bila pengo. MP3 hufungasha sauti kwa mafungu ya namba 1,152, karibu sekunde 0.026 kila fungu. Fungu la mwisho likikosa kujaa linajazwa kimya, na mwanzoni mwa faili pia huongezwa kimya kidogo. Kimya hicho ndicho kinachokata shangwe za watu kati ya wimbo na wimbo. Uchezaji bila pengo unaruka kimya hicho bila kupandisha wala kushusha chochote. Kwa rekodi hizo weka krosifedi kwenye 0 na uwashe huo, ikiwa programu yako inao.