Tudor ama Omega? Uongo tunaoambiana kuhusu saa za kuzamia

Malindi hii kila mtu ni mtaalamu wa saa. Kaa pale jeti ama kwenye baraza yoyote ya kahawa, utasikia habari za saa za kuzamia kuliko habari za samaki, manake wageni wanakuja nazo mkononi, Wataliano hasa, na vijana wa boti wanazitambua kwa mbali kabla mgeni hajashuka kwa tuktuk. Sasa mtoto wa ami yangu, kazi yake ni kupeleka wageni kuzamia, ameweka akiba kidogo kidogo na amebaki na mbili tu kichwani: Tudor Black Bay Fifty-Eight na Omega Seamaster Diver 300M. Pesa yake inatosha moja, tena kwa kujibana. Kila aliyemuuliza amempa jibu la uhakika kabisa, na mengi kati ya hayo majibu ni porojo. Haya basi, tuyapitie.

"Omega ni mita 300, Tudor ni mita 200, kwa hivo Omega imeshinda."

Hii ndo ya kwanza kila mara na ndo inayoharibu hesabu zote. Namba zenyewe ni kweli, lakini kaka we mita 300 unaenda kufanya nini? Cheti cha kwanza cha PADI, lile shirika la mafunzo ya kuzamia, kinakufikisha mita 18, ukisoma zaidi 30, na mbizi ya kujiburudisha mwisho wake ni mita 40, hapo basi. Kila mita 10 unazoshuka baharini presha inaongezeka kiasi sawa na uzito wote wa hewa unaotukalia sisi hapa ufukweni. Ukifika 40 imeongezeka kiasi hicho mara nne, na saa ya mita 200 imetengenezewa mara ishirini. Yule Mmisri Ahmed Gabr alipoweka rekodi ya kushuka na mitungi, mwaka 2014 kule Dahab, alifika mita 332 na kupanda juu tu kulimchukua zaidi ya masaa 13. Huyo ndo angekaa chini afikirie kama 300 inamtosha. Sisi hapa kwenye hifadhi ya bahari, ile ya tangu 1968, wageni wengi wanaelea juu ya matumbawe na snokeli, na mto Sabaki ukifurika ukatema matope yake baharini mkono wako mwenyewe huuoni sembuse saa.

Cha kuangalia si ukubwa wa namba, ni kama saa imepita kipimo cha ISO 6425, kile cha kimataifa cha saa za kuzamia, au kipimo kikali kama hicho. Hicho kinataka angalau mita 100, saa ipimwe kwa presha iliyozidi asilimia 25 juu ya ile iliyoandikwa, isomeke gizani, ivumilie chumvi na kugongwa. Saa imeandikwa "water resistant" na mita 30 nyuma hiyo ni ya kunawa mikono, usiende nayo hata kwenye swimming pool ya hoteli. Lakini ukishavuka hapo, ukaingia kwenye hizi saa za kuzamia zenyewe, kushindanisha 200 na 300 ni kupoteza muda.

Alafu kuna ile ya "ukirusha mkono ndani ya maji presha inapanda mara kadhaa, kwa hivo 200 inakuwa kama 50". Uongo. Hata mkono wako ungekata maji kwa mita 10 kwa sekunde, na hakuna binadamu anayeweza hiyo, presha inayoongezeka ni kama ya kushuka mita 5 tu. Imekwisha hiyo.

Kile kidude cha pembeni ya Omega, pale kwenye namba 10

Vijana wanakiita "valvu ya kuzamia" na wanaamini bila hicho saa si ya mbizi kweli. Ni valvu ya kutolea heliamu. Kuna wazamiaji wa kazi, wale wa visima vya mafuta baharini, wanakaa siku nyingi ndani ya chumba chenye presha wakipumua hewa iliyochanganywa na heliamu, na heliamu ni gesi ndogo mno inapenya mpaka ndani ya saa. Siku presha ya chumba ikishushwa gesi inataka kutoka kwa nguvu na inaweza kuking'oa kioo. Basi valvu inaitoa polepole. Rolex walianza nayo kwenye Sea-Dweller mwaka 1967 kwa ajili ya watu wa aina hiyo. We unayepumua hewa ya kawaida kwenye mtungi wako, unashuka saa tatu asubuhi na saa nne umekaa kwenye boti unakula nanasi, hicho kidude kwako ni pambo. Si pambo baya, mi napenda umbo lake, lakini usilipe laki mbili zaidi kwa sababu yake.

Na kweli tofauti ya bei ni kubwa. Mwaka 2024, zikiwa mpya dukani nje ya nchi, Tudor ilianzia kama dola 4,000, Omega ilikaribia 6,000 ama ilipita, kwa shilingi ilikuwa nusu milioni na kitu dhidi ya karibu laki nane, na hapo hujaweka ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16 ukiingiza kihalali.

"Tudor ni Rolex ya maskini." Hii inasemwa kwa dharau na haikukosa chembe ya ukweli ndo maana haifi. Aliyeanzisha zote mbili ni mtu mmoja, Hans Wilsdorf, jina la Tudor lilisajiliwa 1926 na kampuni ikaanzishwa 1946, na lengo lilikuwa hilohilo, saa ngumu kama Rolex kwa bei ya chini. Zamani walichukua mashine za kununua wakazitia kwenye kasha la Rolex. Lakini hizo habari zimepitwa: tangu 2015 wana mashine zao wenyewe, na hii Fifty-Eight iliyotoka 2018 ndani ina MT5402 inayokaa masaa 70 bila kuvaliwa. Ukiivua Ijumaa jioni Jumatatu asubuhi bado inatembea, Omega na masaa yake 55 itakuwa imelala. Tena jeshi la majini la Ufaransa liliwapa wazamiaji wake Tudor kwa miaka mingi, hao hawakuwa wanatafuta saa ya maskini, walitaka inayofanya kazi.

"Ghali zaidi ndo inashika wakati zaidi"

Hapa huwa nacheka peke yangu. Tudor ina cheti cha kronometa cha COSC, wapimaji wa saa wa Uswisi, maana yake mashine inaruhusiwa kuchelewa sekunde 4 ama kuwahi sekunde 6 kwa siku. Omega imepita kipimo kikali zaidi cha METAS, taasisi ya vipimo ya serikali ya Uswisi, sifuri mpaka sekunde 5 za kuwahi kwa siku, na inavumilia sumaku ya gausi 15,000, hapo lazima niwape heshima zao manake sumaku ziko kila mahali siku hizi, spika, kava za simu, kila kitu. Sasa piga hesabu ya mwezi: Tudor inaweza kuwahi dakika tatu, Omega dakika mbili na nusu. Ile Casio F-91W ya plastiki anayovaa mwanafunzi wa madrasa inakosea sekunde 30 kwa mwezi. Kama unachotaka ni wakati sahihi basi hii mada yote haikuhusu. Na wale wanaodharau saa za betri wakisema si za kifahari, Omega ya kwanza kabisa aliyovaa James Bond kwenye sinema, 1995, ilikuwa ya betri.

Saa haikingi maji milele, na hili ndo ningeomba watu wa pwani walishike kuliko yote niliyoandika. Watu wanaona mita 300 kwenye uso wa saa wanadhani ni sifa ya chuma, kama rangi, haiondoki. Kinachozuia maji ni vipete vya mpira, gasketi, viko chini ya kifuniko cha nyuma, chini ya kioo na pale pa kutilia ufunguo. Mpira ni mpira, unakauka kama ule wa bomba la jikoni, na jua letu, chumvi, mafuta ya kujipaka wageni na sabuni ya kuogea vinauharakisha. Saa ya miaka kumi ambayo haijawahi kubadilishwa gasketi inaweza kuingia maji kwenye karai la kufulia. Omega ya mita 300 yenye gasketi zilizokauka inashindwa na Casio ya shilingi elfu chache iliyo mpya, na hapo hakuna ubishi.

Kwa hivo ukinunua ya mkononi, na wengi wetu tutanunua ya mkononi, usizamie nayo kabla haijapimwa. Kuna mashine ya kupima kwa presha ya hewa bila kuilowesha, fundi akishabadilisha gasketi anaweka saa ndani anajua kama inavuja. Fundi saa wa hapa mjini ni hodari wa kubadilisha betri na mkanda, kumpa Omega afungue kifuniko ni kumtia majaribuni tu, yeye na wewe. Mashine ya Omega inatumia mfumo alioubuni Mwingereza George Daniels, wakaanza kuutia kwenye saa zao 1999, na vipuri vyake havipatikani kiholela kwa fundi yeyote. Saa yoyote kati ya hizi mbili itahitaji huduma kubwa kila baada ya miaka kadhaa, na bili yake ni mamia ya dola, si elfu mbili tatu za shilingi. Anayekwambia "ukishanunua umemaliza" hajawahi kulipa hiyo bili. Mtu wa pesa ndogo aiweke hiyo pembeni siku ileile anayonunua, la sivyo atavaa saa ya laki tano inayosimama kila baada ya salaa.

"Ni investimenti, bei yake haishuki." Inashuka. Bei zilipaa 2021 mpaka mwanzo wa 2022, watu wakachanganyikiwa, alafu zikateremka na waliokopa kununua wakabaki wameshika vichwa. Zipo modeli chache za Rolex na wenzake zinazopanda, hizi mbili si miongoni mwake, zinapoteza thamani ukitoka tu mlangoni mwa duka. Hiyo ni habari mbaya kwa anayenunua mpya na habari njema sana kwa anayenunua ya mkononi.

Lakini hapo kwa mkononi nako kuna hadithi ya "mgeni amekwama anauza Omega yake rahisi, ana haraka ya ndege". Mgeni huyo sijui huwa anakwama mara ngapi kwa msimu. Siku hizi feki zina boksi, zina kadi, zina uzito wa chuma cha kweli, mpaka maandishi yako sawa. Kukwaruza kioo ama kusikiliza mlio hakukusaidii kitu. Fundi anayejua afungue aione mashine, ama ununue kwa muuzaji mwenye duka na jina la kulinda, na kama bei ni nusu ya bei ya soko basi ama ni feki ama imeibiwa, na ya kuibiwa itakupeleka polisi ukiwa umeivaa.

Mambo yanayobaki ndo ya kuamulia kweli, na ni ya kawaida sana. Omega ina upana wa milimita 42 na unene unaopita 13. Tudor 39, na unene haufiki 12. Mkono wa mtoto wa ami yangu ni mwembamba, Omega inamkalia kama amemuazima kaka yake. Pete ya juu ya Omega ni ya seramiki, haichubuki wala haipauki, ila ikigongwa vibaya kwenye nanga inapasuka. Ya Tudor ni aluminiamu, itachubuka, itapauka na jua, wengine wanaipenda hivo. Kazi ya pete ni ileile: unaweka alama ya mwanzo kwenye mkono wa dakika unaposhuka, na inazunguka upande mmoja tu ili ikigongwa kwa bahati mbaya ikuonyeshe umekaa chini muda mrefu zaidi, isikudanganye kwamba bado una muda. Kompyuta ya mbizi, ile inayohesabu kina na muda, ndo inayomlinda huyu kijana kazini, hilo analijua mwenyewe, saa ni ya akiba na ya kupendeza.

Mimi nimemwambia achukue Tudor, ya mkononi yenye karatasi zake, na pesa inayobaki alipie gasketi na kupimwa. Moyo ukikataa ukang'ang'ania Omega, basi asikimbilie hii ya 2018, atafute ile ya zamani ya kizazi cha 1993, ile ya bluu yenye mawimbi usoni, namba 2531.80. Ni milimita 41, nyembamba kidogo, mashine yake ya 1120 imetokana na ile ya ETA, kiwanda cha mashine za saa cha Uswisi, ambayo mafundi wengi wanaijua, na bei yake iko chini ya mpya kwa mbali. Amesema atafikiria. Bado anaangalia picha za ile mpya usiku, namjua.

La mwisho, kuna wanaosema saa ya kuzamia haioshwi, maji ya bahari ndo yake. Iosheni jamani. Maji matamu ya bomba kila ukitoka baharini, uizungushe ile pete ikiwa chini ya maji ili mchanga na chumvi vitoke, bila sabuni, bila maji moto. Na kabla ya hapo hakikisha kidude cha kutilia ufunguo kimekazwa mpaka mwisho, manake saa nyingi zinazoingia maji huku kwetu haziingii baharini, zinaingia kwenye karai kwa sababu mtu alirekebisha saa akasahau kukaza.