Mgonjwa wa kwanza ni nahodha

Mtu akisikia meli ya hospitali, huwaza chumba cha upasuaji kinachoyumba katikati ya bahari. Chumba hicho kipo, ndiyo. Lakini kwa sisi tunaotibu mabaharia, kazi kubwa ya meli hizi ni kumwondolea nahodha sababu ya kusitasita.

Chukua chombo kilicho mbali na bandari, na samaki ndio kwanza wameanza kuingia wavuni. Baharia mmoja kavimba kidole. Kurudi pwani kunakula mafuta na siku za uvuvi, na wengi hulipwa kwa mgawo wa samaki, hivyo mgonjwa mwenyewe husema atavumilia. Pengine hakosei. Kidole kilichochomwa na mwiba, kikageuka zambarau, kikauma sana bila kutoa usaha, mara nyingi kina bakteria wa samaki, na penisilini huwamaliza. Ila kidole kikivimba chote, kikabaki kimepinda, na ukijaribu kukinyoosha mtu anapiga yowe, maambukizi yameingia kwenye ala ya kano, yaani mfuko unaozunguka ukano unaokunja kidole. Huyo anahitaji kisu haraka, la sivyo kidole kinakakamaa maisha, hakikunjiki tena.

Nahodha hawezi kuamua hayo peke yake. Hispania imelielewa hilo: nahodha huanza kwa kuzungumza na madaktari wa kituo cha redio kilichoko Madrid, na ikibidi, meli ya hospitali humfuata hukohuko anakovua. Wana mbili, Esperanza del Mar inayotoka Las Palmas, katika Visiwa vya Kanari, na kuhudumia maji ya Afrika Magharibi, na Juan de la Cosa iliyo zaidi kaskazini mwa Atlantiki. Wazamiaji wake hukata hata nyavu zilizonasa kwenye propela. Kuna wanaoona hiyo si kazi ya hospitali. Mimi naona ni akili tupu, kwa sababu nahodha aliyekwamuliwa propela leo hatachelewa kuita kesho akiwa na mgonjwa. Wareno walishafanya hivyo na meli yao Gil Eannes, iliyojengwa Viana do Castelo, Ureno, mwaka 1955. Iliwafuata wavuvi wao hadi Newfoundland, Kanada, na Greenland, ikiwapelekea daktari pamoja na barua, chambo na mafuta.

Kinachonitia hofu ni kumhamisha mgonjwa. Boti ndogo inapanda na kushuka ubavuni mwa meli, na mtu aliyevunjika mguu anaweza kuvunjika na wa pili. Bahari ikichafuka, afadhali atibiwe alipo, kwa maelekezo ya redio.

Ndoana iliyozama mkononi, kwa mfano: osha, tia ganzi, isukume mbele mpaka kijino cha ncha yake kitokeze upande wa pili, kikate kwa koleo, kisha irudishe ilikoingilia. Ikiwa jichoni, usiiguse. Funika jicho bila kulikandamiza, na uite meli.