Je, wajua kwa nini jimbo la Atlin lilifutwa?

Kura zilipohesabiwa katika jimbo la Atlin, nchini Kanada, Mei 1979, Al Passarell wa chama cha NDP alipata 750. Frank Calder, aliyekuwa amelitumikia jimbo hilo miaka 26 ukijumlisha vipindi vyake, alipata 749. Kura moja! Tena inaelezwa kwamba Calder na mkewe hawakwenda kupiga kura siku hiyo.

Mkasa huo husimuliwa kwa kicheko, lakini mimi hunishangaza jambo jingine. Kura 750 zinampelekaje mtu bungeni? Idadi hiyo hata udiwani huenda isikupe.

Atlin ni mji mdogo kando ya ziwa, kaskazini-magharibi mwa mkoa wa British Columbia. Uliibuka baada ya dhahabu kuonekana mwaka 1898, na kufikia uchaguzi wa 1903 palikuwa na jimbo lenye jina hilo katika bunge la mkoa. Dhahabu ilipopungua wengi walifungasha virago, jimbo likabaki: milima, barafu, na vijiji vilivyotawanyika mbalimbali. Hata leo, ukitoka Atlin kwa gari kwenda kwingine ndani ya mkoa huohuo, sharti kwanza uvuke mpaka uingie eneo jirani la Yukon, ndipo uzunguke urudi.

Uchache huo wa watu ulikuwa na faida yake. Kusini mwa jimbo, katika bonde la mto Nass, waliishi Wanisga'a, watu wa asili wa eneo hilo. Mwaka 1949 wenyeji wa asili walirudishiwa haki ya kupiga kura katika chaguzi za mkoa, haki waliyonyang'anywa karne ya 19. Mwaka huohuo Calder, Mnisga'a, akashinda Atlin, ambako kura chache zilikuwa na uzito mkubwa. Alikuwa mtu wa kwanza katika Kanada nzima, kati ya wale wanaotambuliwa kisheria kuwa wenyeji wa asili, kuingia bunge lolote. Ndiye pia aliyeongoza kesi ya ardhi ya watu wake hadi mahakama ya juu kabisa nchini. Mwaka 1973 kesi yenyewe waliikosa kwa sababu ya utaratibu, ila majaji sita kati ya saba walikubali kwamba wenyeji walikuwa na haki ya ardhi kisheria kabla ya wakoloni kufika.

Lakini kura nzito huku ni kura nyepesi kwingine. Jimbo la Surrey-Newton, karibu na Vancouver, lilikuwa na wakazi 68,347, na Atlin 5,511. Kila upande mbunge mmoja! Maana yake, mkazi mmoja wa Atlin alikuwa na sauti ya watu kumi na wawili wa Surrey-Newton. John Dixon, aliyeongoza shirika la kutetea haki za raia la mkoa, alilipeleka suala hilo mahakamani, na mwaka 1989 Jaji Beverley McLachlin, ambaye baadaye alikuwa Jaji Mkuu wa Kanada, akaamua kwamba mgawanyo huo ulivunja haki ya kupiga kura iliyomo kwenye katiba.

Jaji hakudai majimbo yapimwe sawasawa kama sukari ya dukani. Alikubali kwamba umbali na ugumu wa kuwafikia watu vinaweza kuhalalisha tofauti kiasi. Tume ya mipaka ilikuwa imependekeza tofauti isizidi asilimia 25 juu au chini ya wastani. Atlin ilikuwa chini kwa asilimia 86.8, na kwa pengo hilo hata milima na barafu havikuweza kuitetea.

Uchaguzi wa 1991 ulifanyika kwa mipaka mipya, na jina la Atlin halikuwemo. Mbunge wake wa mwisho, Larry Guno, naye alikuwa Mnisga'a.