Ati mwenye jina bovu hakashifiki?

Juzi pale Jaws Corner, kijiwe cha kahawa Mji Mkongwe Zanzibar, kahawa mkononi, mzee mmoja kashikilia ati ukishtakiwa kwa kumkashifu mtu we nenda kotini na madhambi yake yote basi fidia sifuri. Sivyo yakhe. Sheria ya kashfa tumeirithi kwa Waingereza, na kwao tangu kesi ya Scott v Sampson ya 1882 jaji akipima fidia anaangalia jina la mtu lilikuwa na thamani gani kabla hujalichafua, kwa hiyo shahidi anaemjua akisema "huyu mtaani kwao anajulikana hana ukweli" hilo linapokelewa na fidia inaweza kushuka. Lakini kisa kimoja kimoja, mara alikula pesa za mchezo mwaka ule, kwa kawaida hakiingii, wala "nimesikia" haiingii, maana kesi ingegeuka kuchimbua maisha ya mtu (na sisi kwa kuchimbua, mashaallah). Mwishoni mwa 2000 wenyewe kule walilegeza kidogo, visa vinavyogusa moja kwa moja ile habari inayolalamikiwa vinaweza kusikilizwa.

Na kushuka si kufutika. Ukitaka kushinda kabisa, thibitisha hicho ulichokisema ni kweli, huo utetezi mwengine.